Kabla ya Kusaini Mkataba wa Nyumba: Namna ya Kukagua Ithibati ya Shule za Umma Missouri

Familia nyingi zinazofika Marekani hutafuta nyumba kwanza, shule baadaye. Wanauliza kodi ni kiasi gani, kazini ni mbali kiasi gani, kuna jirani anayesema Kiswahili au la. Shule inaachwa iwe ile itakayojitokeza. Tatizo ni kwamba huku shule ya umma inafuata anwani. Ukishasaini mkataba wa nyumba, umeshachagua shule, hata kama hukujua.

Nimechagua kueleza jimbo la Missouri kwa sababu mbili. Kila jimbo la Marekani lina sheria zake za ithibati, yaani kibali rasmi kwamba shule zinatimiza viwango vilivyowekwa, kwa hiyo mwongozo wa "Marekani nzima" hauwezi kumsaidia mtu sana. Pia Missouri ni jimbo lililowahi kuzinyang'anya ithibati wilaya za shule za miji yake miwili mikubwa, St. Louis mwaka 2007 na Kansas City mwaka 2012, na hapo ndipo wazazi walijifunza ithibati inamaanisha nini. Kwenye mitaa ya kaskazini-mashariki ya Kansas City leo Kiswahili ni lugha ya kawaida barabarani: Wakongo, Warundi, Wasomali wa Kibantu. Wengi wao hawajawahi kuelezwa habari hii kwa lugha yao.

Kwanza ujue nani anampa nani

Ithibati ya shule za umma Missouri hutolewa na Bodi ya Elimu ya Jimbo, yenye wajumbe wanane wanaoteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Idara ya elimu ya jimbo, iliyoko Jefferson City na inayojulikana kwa herufi DESE, ndiyo inayokusanya takwimu na kuandaa ripoti. Bodi husoma, kisha inaamua.

Anayepewa ithibati si shule moja moja. Ni wilaya ya shule nzima. Na wilaya ya shule si ile wilaya tunayoijua ya mkuu wa wilaya na ofisi zake. Ni mamlaka ya elimu peke yake: ina bodi yake inayopigiwa kura na wananchi, inaishi kwa sehemu kubwa kwa kodi ya majengo, na mipaka yake haijali mipaka ya mji. Ndani ya jiji la Kansas City peke yake kuna wilaya za shule zaidi ya kumi. Ndiyo maana mtu akikuambia "shule za Kansas City zina ithibati" bado hajakuambia kitu.

Hatua ya 1: Ijue wilaya ya nyumba kabla ya kutia saini

Chukua anwani kamili ya nyumba unayotaka kupanga, pamoja na namba ya apatimenti. Anwani ya posta itasema Kansas City, Missouri, lakini nyumba yenyewe inaweza kuwa ndani ya wilaya ya Hickman Mills, Center, Raytown, North Kansas City, Park Hill au ile ya katikati ya jiji inayoitwa Kansas City Public Schools. Usimtegemee mwenye nyumba. Si kwamba anadanganya. Mara nyingi na yeye hajui.

Piga simu kwenye ofisi ya uandikishaji ya wilaya unayodhani ndiyo yenyewe, wasomee anwani, na uwaulize mambo mawili: je, nyumba hii iko kwenu, na shule ya mtoto wa umri huu ni ipi? Kama Kiingereza kinasumbua, sema "Swahili interpreter" na ungoje kwenye simu. Shule ya umma inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani huyo hakugharimu hata senti. Usikubali mtoto wako wa darasa la sita ageuzwe mkalimani wa mambo haya.

Ukivuka barabara ya State Line kuelekea magharibi umeshaingia jimbo la Kansas. Huko pia kuna mji unaoitwa Kansas City, una wilaya yake ya shule, na ithibati inatolewa na bodi ya jimbo la Kansas kwa utaratibu wake mwingine kabisa. Yote utakayosoma hapa chini kuhusu asilimia na madaraja hayahusu upande huo.

Kuna jambo ambalo nalisema waziwazi kwa sababu linasemwa chini chini kwenye harusi na misiba: kutumia anwani ya shemeji ili mtoto aingie wilaya nzuri. Usifanye. Sheria ya Missouri inamhesabu mtu anayetoa taarifa za uongo kuhusu makazi yake wakati wa kuandikisha mtoto kuwa ametenda kosa la jinai, na wilaya inaweza kumdai gharama za masomo. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, kosa la jinai si kitu cha kuchezea.

Lakini kama kweli mnaishi kwa shemeji kwa sababu mmekosa nyumba au hamwezi kulipa kodi, hiyo ni habari tofauti kabisa, na wengi hawaijui. Sheria ya shirikisho inayoitwa McKinney-Vento inawahesabu watoto wa hali hiyo kuwa hawana makazi ya kudumu, na shule inapaswa kuwaandikisha mara moja hata kama huna mkataba wa nyumba, cheti cha chanjo au ripoti za shule walikotoka. Kila wilaya lazima iwe na mtu anayeshughulikia watoto hawa. Muulizie. Waeleze ukweli jinsi ulivyo, nao utakusaidia kuliko anwani ya kuazima.

Na kama kuna anayeogopa kuulizwa hati za uhamiaji: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Shule itataka kuona ushahidi wa makazi, umri na chanjo. Huna lazima ya kutoa namba ya Social Security.

Hatua ya 2: Litafute neno lenyewe

Fungua tovuti ya DESE, tafuta jina la wilaya, na utazame hadhi yake. Ukishindwa, piga simu DESE au uulize wilaya yenyewe, si siri. Neno utakaloliona ni mojawapo ya haya, na ni vizuri uyatambue kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yatakavyokuwa kwenye skrini:

"Accredited" ni ithibati kamili. "Provisionally Accredited" ni ithibati ya muda, yaani wilaya iko chini ya uangalizi na inatakiwa kujirekebisha. "Unaccredited" maana yake haina ithibati. Juu ya zote kuna daraja la ithibati kwa sifa ya pekee, "Accredited with Distinction".

Katika utaratibu unaotumika sasa, wa sita tangu jimbo lianze kuzipima shule hivi, unaoitwa MSIP 6, madaraja yanakwenda na asilimia ya alama ambazo wilaya imepata kwenye ripoti yake. Asilimia 70 na zaidi ni eneo la ithibati kamili, 50 hadi chini kidogo ya 70 ni eneo la ithibati ya muda, chini ya 50 ni eneo la kukosa. Ile sifa ya pekee inaanzia asilimia 95.

Nimesema "eneo" makusudi. Alama hazimpi mtu ithibati zenyewe. Bodi ndiyo inayopiga kura, na haifanyi hivyo kwa ripoti ya mwaka mmoja. Kwa hiyo neno huwa nyuma ya hali halisi, wakati mwingine kwa miaka. Ripoti ya kwanza ya MSIP 6 ilipotoka Machi 2023, wilaya kadhaa zenye ithibati kamili zilionekana kuwa chini ya 70, na ziliendelea na ithibati yao. Kansas City Public Schools ilipitia kinyume chake: ilipoteza ithibati Januari 2012, ikapewa ya muda Agosti 2014, na ikangoja mpaka Januari 2022 ndipo bodi ikairudishia ithibati kamili, wakati alama zake zilikuwa zimeshafika eneo hilo mapema zaidi. Mzazi aliyeikimbia mwaka 2019 kwa kulisoma neno tu aliikimbia shule iliyokuwa ikipanda.

Hatua ya 3: Soma ripoti iliyo chini ya neno

Ripoti hiyo inaitwa APR, hutolewa kila mwaka, na kila mtu anaweza kuisoma. Iko ya wilaya na iko ya kila shule. Kwa kuwa ithibati ni ya wilaya, wilaya yenye ithibati kamili inaweza kuwa na shule moja iliyo hoi, na wilaya yenye ithibati ya muda inaweza kuwa na shule ya msingi nzuri sana mtaani kwako. Anza na wilaya, kisha shuka mpaka shule.

Asilimia 70 ya alama zote zinatokana na matokeo: mitihani ya jimbo (kuanzia darasa la 3 mpaka la 8, kisha mitihani ya mwisho wa somo sekondari), maendeleo ya mwanafunzi mmoja mmoja kutoka mwaka hadi mwaka, idadi ya wanaohitimu sekondari, na utayari wao kwa chuo au kazi. Asilimia 30 iliyobaki ni juhudi za kujiboresha: mpango wa wilaya, namna inavyotimiza viwango vya jimbo, na mambo ya aina hiyo, ambayo kusema kweli mengi ni karatasi.

Ukiwa na muda wa kuangalia kitu kimoja tu, angalia maendeleo. Kwa Kiingereza utaliona neno "Growth". Kipimo cha ufaulu wa kawaida hukuambia watoto wa shule hiyo wanajua nini leo, na hilo mara nyingi linafuata utajiri wa mtaa zaidi ya kazi ya walimu. Kipimo cha maendeleo kinauliza kitu kingine: mtoto aliyeanza hapa, shule imemfikisha wapi? Mtoto aliyefika kutoka Nyarugusu au Kakuma akiwa na Kiingereza kidogo anahitaji shule inayowasogeza watoto. Shule ambayo watoto wake walikuwa mbele tangu siku ya kwanza, na inajivunia hilo, haimsaidii hivyo.

Halafu tafuta kundi la wanafunzi wanaojifunza Kiingereza ndani ya ripoti hiyo hiyo. Wilaya inaweza kuwa na asilimia za kupendeza kwa jumla huku kundi hilo liko chini kabisa, au halionekani kabisa kwa sababu ni watoto wachache mno kuhesabiwa. Hilo la pili lina maana yake: pengine mwanao atakuwa peke yake na mwalimu wa Kiingereza anayepita mara moja kwa wiki.

Hatua ya 4: Kama shule ni ya chata

Kansas City na St. Louis zina shule nyingi za chata: zinaendeshwa kwa fedha za umma, hazilipiwi ada, lakini haziko chini ya bodi ya wilaya. Hizi hazipewi ithibati na Bodi ya Elimu ya Jimbo kama wilaya zinavyopewa. Zinasimamiwa na mdhamini, ambaye mara nyingi ni chuo kikuu au tume ya jimbo ya shule za chata, naye ndiye anayeweza kuongeza mkataba wake au kuukatisha. APR wanayo, kwa hiyo isome vile vile. Muulize mkuu wa shule mdhamini ni nani na mkataba unaisha mwaka gani. Shule ya chata inaweza kufungwa, na ikifungwa ni wewe unayetafuta shule nyingine.

Baadhi ya shule, za umma na za binafsi, zina ithibati ya shirika lisilo la serikali, na linalojulikana zaidi ni Cognia. Kwenye majimbo mengine ithibati ya namna hiyo ndiyo inayotawala. Huko Georgia wilaya ya Clayton County ilinyang'anywa ithibati ya aina hiyo mwaka 2008 na familia zikahama. Kwa Missouri, ithibati inayohesabika kwa shule za umma ni ya bodi ya jimbo. Ya Cognia ni nyongeza.

Hatua ya 5: Wilaya yako ikiwa haina ithibati

Shule hazifungwi. Walimu wanaendelea kufundisha, basi la shule linakuja, na mtoto anayemaliza anapata cheti chake. Hilo liwatulize wale wanaodhani mtoto wao ataambiwa hakusoma.

Kinachobadilika ni haki ya mzazi. Sheria ya Missouri inasema mtoto anayeishi kwenye wilaya isiyo na ithibati anaweza kusoma kwenye wilaya yenye ithibati ndani ya kaunti hiyo hiyo au kaunti inayopakana nayo, na wilaya yake ndiyo inayolipa ada. Mahakama Kuu ya Missouri ilithibitisha hilo Juni 2013. Majira hayo hayo ya joto mamia ya wanafunzi wa Normandy, wilaya ndogo ya watu weusi wengi jirani na St. Louis, waliamua kuhama. Normandy ilichagua kulipia mabasi ya kwenda Francis Howell, katika kaunti ya St. Charles, safari ndefu ya asubuhi. Wazazi wa kule walijaa kwenye mkutano kupinga, na maneno mengine yaliyosemwa siku ile bado yanakumbukwa. Ada hizo zilikausha mfuko wa Normandy. Mwaka uliofuata jimbo liliivunja wilaya hiyo na kuunda nyingine kwenye eneo lile lile, ikiitwa Normandy Schools Collaborative, na kwa muda ikasemekana kwamba wilaya mpya haina hadhi yoyote ya ithibati, kwa hiyo hakuna wa kuhama. Wazazi walirudi mahakamani, na mwaka 2015 jaji akawaunga mkono.

Naisimulia kwa kirefu kwa sababu inaonyesha mambo mawili ya kushika. Haki hii ni ya wilaya isiyo na ithibati. Yenye ithibati ya muda haihusiki, hata kama alama zake zinakaribia kabisa. Na haki hii ina tarehe za mwisho za kuomba. Ukisikia kwamba wilaya yako imepoteza ithibati, usingoje barua. Nenda ofisini, omba fomu ya kuhamia wilaya nyingine, na uulize ni wilaya ipi wanayoilipia usafiri, maana wanalazimika kulipia walau moja. Weka nakala ya kila karatasi.

Hatua ya 6: Kijana aliyechelewa, na vyeti vya kununua

Hapa ndipo ninapoona familia zikiumia zaidi. Kijana wa miaka 17 au 18 anafika akiwa na miaka miwili ya sekondari ya kambini na hana karatasi. Missouri shule ya umma ni bure mpaka anapofikisha miaka 21, kwa hiyo bado ana nafasi. Ili kumaliza anahitaji krediti 24, yaani vipimo vya masomo aliyoyamaliza: nne za Kiingereza, tatu za hisabati, tatu za sayansi, tatu za elimu ya jamii, na zilizobaki ni sanaa, michezo, afya, fedha za nyumbani na masomo ya kuchagua. Peleka ripoti yoyote uliyonayo ya shule alikotoka, hata iliyopigwa picha kwa simu, na uombe afisa wa ushauri wa masomo amhesabie krediti za masomo hayo. Asiposukumwa, mara nyingi kijana anawekwa darasa la 9 aanze upya, na hesabu ya miaka inamgomea.

Wengine wanakata tamaa na kulipa pesa kwa tovuti inayotoa "diploma ya sekondari yenye ithibati" kwa wiki mbili. Neno ithibati lipo hapo, limechapishwa kwa rangi ya dhahabu, limetolewa na shirika ambalo tovuti yenyewe imelianzisha. Chuo hakitaikubali, na fedha hazirudi. Anayetaka njia ya mkato iliyo halali, upo mtihani wa HiSET, ambao Missouri imeutumia tangu 2014 kwa watu wazima wasiomaliza sekondari, na kuna madarasa ya bure ya kuuandalia.

Hatua ya 7: Maswali ambayo ithibati haiyajibu

Tembelea shule kabla ya siku ya kwanza na uulize: Walimu wa Kiingereza kwa wageni ni wangapi, na wako hapa kila siku? Kuna programu ya wanaoanza kabisa? Mwalimu wa mwanangu ana leseni ya somo analofundisha? Kwenye shule zinazopata fedha za shirikisho za Title I, sheria inakupa haki ya kuuliza hilo la leseni na kujibiwa. Uliza pia wiki ya shule ni ya siku ngapi. Wilaya ya Independence, jirani na Kansas City, ilihamia wiki ya siku nne mwaka 2023 huku ikiwa na ithibati, na kama nyote wawili mnafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama au ghala, Jumatatu bila shule ni hesabu nyingine ya bajeti.

Usidharau mahudhurio. Fedha ambazo jimbo linaipa wilaya zinafuata kwa sehemu kubwa idadi ya watoto waliopo darasani, si walioandikishwa tu. Mtoto akibaki nyumbani kumlea mdogo wake, shule inapata hasara kama yeye.

Na likija dodoso la wazazi kuhusu hali ya shule, lijaze. Wilaya inatakiwa kukusanya maoni hayo chini ya MSIP 6. Omba la Kiswahili. Likiwa halipo, waambie kwamba wazazi wa Kiswahili ni wengi na wanasubiri. Ikiwa hakuna anayesikia, bodi ya wilaya hukutana hadharani kila mwezi. Piga simu siku chache kabla, sema unataka dakika zako za kuzungumza na mkalimani wa Kiswahili, na uandike jina la mtu aliyepokea simu hiyo.